Kupanga bustani ya mboga katika matuta yaliyoinuliwa kwenye uwanja wa mita 6 kwa 5, Dar es Salaam

Mbezi Juu (mwenye swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina uwanja nyuma ya nyumba ambao nataka uwe bustani ya mboga ya familia ya watu sita, na kwa kuwa sina mahali pengine pa kulima, naomba tuupange kwa hesabu kabla sijanunua chochote. Una mita 6 kutoka mashariki hadi magharibi na mita 5 kutoka kaskazini hadi kusini. Upande wa kusini kuna uzio wa matofali wenye kimo cha mita 2. Mashariki kuna nyumba yenyewe, ambayo kivuli chake hubaki uwanjani hadi kama saa tatu asubuhi, na magharibi kuna mwembe wa jirani unaoleta kivuli kuanzia saa kumi jioni. Kaskazini ni wazi, na ndiko liliko bomba. Udongo wa juu ni kichanga, lakini chini kidogo kuna tabaka la mfinyanzi, na ndiyo sababu wakati wa masika maji hutuama na kuozesha mizizi. Kwa hiyo nimeamua kutumia matuta yaliyoinuliwa.

Rasimu niliyo nayo ni ya matuta mawili yenye upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 5 kila moja, yaliyozungushiwa matofali ya saruji ya inchi 6, na yenye kina cha sentimita 30. Ili nafasi itoshe, nimefikiria kupanda kila zao kwa nusu ya umbali unaoandikwa kwenye pakiti ya mbegu. Aidha, maelezo mengi niliyosoma yanasema mimea mirefu iwekwe upande wa kaskazini wa bustani ili isizibe jua, nami nilikuwa tayari kufuata hivyo. Mboga tunazokula zaidi ni mchicha, sukuma wiki, chainizi, matembele, bamia, nyanya na nyanya chungu, na tungependa pia kabichi, karoti na vitunguu. Naomba mnisaidie kuona kama mpango huu unasimama.

Kihonda

Ndugu Mbezi Juu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua matofali, kwa sababu karibu kila kipimo ulichotaja kinahitaji kutazamwa upya. Nianze na upana. Mkono wa mtu mzima aliyechuchumaa hufika kama sentimita 60 bila kuegemea, kwa hiyo tuta linalofikiwa pande zote mbili lisizidi mita 1.2, na lile lililo kando ya ukuta lisizidi sentimita 60. Tuta la mita 1.5 litakulazimu kukanyaga ndani kila unapopalilia au kuchuma katikati, na udongo uliokanyagwa hushikamana, mizizi ikashindwa kupenya, na faida yote ya kuinua tuta ikapotea.

La pili ni matofali. Tofali la inchi 6 lina unene wa sentimita 15, na tuta lina kingo mbili, kwa hiyo matuta yako mawili yatameza sentimita 60 za upana wa uwanja ambao wote ni mita 5. Katika shamba kubwa hilo si neno, lakini hapa ni sawa na kujenga juu ya tuta zima la ukutani. Mimi ningetumia mabanzi kutoka kwa wapasua mbao, yakasimamishwa wima na kushikwa kwa vigingi, ambayo unene wake hauzidi sentimita chache. Yatahitaji kubadilishwa baada ya muda, maana mchwa watayafikia, lakini tafadhali usiyapake oili chafu ya magari kama wengi wanavyofanya, kwa kuwa oili hiyo huingia kwenye udongo unaotoa chakula. Mabati ya zamani yaliyokunjwa ukingo wa juu ili yasikate mikono yanafaa pia.

La tatu, na ndilo ningeomba ulizingatie kuliko yote, ni jua. Ushauri wa kuweka mimea mirefu kaskazini umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambako jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la saa sita mchana huegemea kaskazini kwa nyuzi kama 30, na kichanja cha kupandishia mimea chenye kimo cha mita 2 hutupa kivuli cha takribani mita 1.2 kuelekea kusini. Mwezi Desemba jua huhamia kusini, lakini kwa nyuzi kama 17 tu, na kivuli cha kichanja hicho hicho, sasa kikielekea kaskazini, hakizidi sentimita 60. Jua hukaa kaskazini kwako kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi kama tarehe 10 Oktoba, yaani zaidi ya nusu ya mwaka. Ukiweka kichanja kaskazini utakuwa umelitia kivulini tuta linalokifuata katika miezi ya kipupwe, ambayo ndiyo miezi bora ya mboga zako za majani.

Hivyo ningeupanga uwanja hivi, kuanzia kusini: tuta la sentimita 60 kando ya uzio lenye kichanja, njia ya sentimita 50, tuta la mita 1.2, njia nyingine ya sentimita 50, tuta la pili la mita 1.2, kisha ukanda wa mita 1 upande wa kaskazini kwa ajili ya pipa la maji, lundo la mboji, kitalu cha miche na kupitisha toroli. Jumla ni mita 5 kamili. Matuta yote yawe na urefu wa mita 5, ukiacha sentimita 60 upande wa nyumba na 40 upande wa mwembe. Utapata mita 3 za mraba ukutani na 12 katika matuta mawili, yaani 15, ambazo ni sawasawa na zile za rasimu yako, ila sasa mkono unafika kila mahali na umeongeza ukuta mzima wa kupandisha mimea. Tuta la ukutani lisigusane na matofali ya uzio. Acha upenyo mdogo au weka nailoni nzito katikati, unyevu usiharibu plasta.

Kilifi

Nakubaliana na Kihonda kuhusu vipimo vya juu, lakini kina cha sentimita 30 kwa pwani naona ni kingi kuliko unavyohitaji. Tuta lililoinuliwa hukauka upesi, na kadiri linavyopanda ndivyo upepo na jua la miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, linavyolinyonya maji. Huko Dodoma na kwingineko kwenye mvua haba, wakulima wenye busara huzamisha matuta chini ya usawa wa njia badala ya kuyainua. Wewe unahitaji kuinua kwa sababu ya maji ya masika, basi inua kiasi cha kuiepusha mizizi na maji hayo: sentimita 20 hadi 25 zinatosha, kwa kuwa chini ya tuta kuna udongo na si zege, na mizizi itaendelea kushuka.

Kuhusu kujaza, mita 15 za mraba kwa kina cha sentimita 25 ni mita 3.75 za ujazo, yaani karibu ndoo 190 za lita 20. Usinunue zote. Kwanza chimba njia na ukanda wa kaskazini kwa kina cha sentimita 10 na urushe udongo huo wa juu ndani ya matuta. Eneo lisilo tuta nalo ni mita 15 za mraba, kwa hiyo litakupa mita 1.5 za ujazo bila gharama, na njia zilizoshuka zitakuwa mifereji ya kutoa maji ya masika, mradi uzipe mteremko kuelekea mahali yanapoweza kutoka. Zinazobaki, mita 2 na kitu, ziwe mboji na samadi iliyooza pamoja na udongo mwekundu kidogo, kwa sababu kichanga chako hakishiki maji wala virutubisho.

Samadi ichunguzwe. Ile ya kuku wa nyama huja imechanganyika na maranda, na maranda mabichi yakizikwa hunyang'anya mimea naitrojeni yakiwa yanaoza, huku kinyesi kibichi chenyewe kikiunguza mizizi. Irundike, uimwagilie, uigeuze kila baada ya wiki moja au mbili, na usiitumie mpaka ipoe na kupoteza harufu kali. Makumbi ya nazi, ambayo pwani hatuyakosi, hufaa kutandazwa njiani, maana hukaa muda mrefu, huzuia magugu na humfanya mtu aweze kuchuma hata siku ya mvua. Juu ya matuta tumia nyasi kavu au maganda ya mpunga.

Sijaona ukitaja chanzo cha maji. Ikiwa bomba hilo ni la kisima, onja maji. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi hujikusanya kwenye tuta kila maji yanapokauka. Maharage, karoti na vitunguu ndivyo vya kwanza kulalamika. Mchicha na spinachi huvumilia zaidi. Mvua za masika husafisha chumvi hiyo na kuipeleka chini, kwa hiyo usiyafunike matuta kwa nailoni wakati wa mvua.

Usa River

Ndugu Mbezi Juu, wenzangu wamekwisha kueleza ardhi na jua, nami nataka kusema juu ya muda, kwa kuwa katika bustani ndogo nafasi kubwa inayopotea ni ya siku ambazo tuta limekaa wazi likisubiri mbegu. Mtu anavuna mchicha, anakaa wiki mbili kabla ya kusia tena, kisha anasubiri miche ya sukuma wiki iliyochelewa kwa sababu hakuisia mapema, na hesabu ya mwaka ikifungwa anakuta nusu ya matuta yake yalikuwa yamelala. Kubana mimea kwa nusu ya umbali hakuwezi kurudisha siku hizo.

Chukua tuta la kaskazini ulipasue kwa mawazo katika vipande vitano vya mita moja. Kila wiki sia mchicha katika kipande kimoja. Mchicha wa kung'oa huwa tayari kati ya wiki ya tatu na ya nne, kwa hiyo ukifikia kipande cha nne, cha kwanza kinavunwa, kinaongezwa ndoo ya mboji na kusiwa tena wiki hiyo hiyo. Kipande cha tano kipe kunde, ambazo majani yake ni mboga na mizizi yake huongeza naitrojeni, na kila baada ya muda zihamishie kunde hizo kwenye kipande kingine. Kwa njia hii meza haipati mchicha mwingi usioliwa wiki moja na kukosa kabisa wiki tatu zinazofuata.

Tuta la katikati liwe la mimea ya kudumu miezi kadhaa. Sukuma wiki ipandwe kwa mistari mitatu, mche na mche ukiachana sentimita 40 hadi 45, mistari ikipishana kwa umbo la pembetatu, jambo linaloweza kuongeza idadi ya mimea hadi karibu asilimia 15 bila kuipunguzia nafasi. Katika mita 2 za tuta utaingiza miche kama 13, na mwezi wa kwanza, ingali midogo, katikati yake utapanda chainizi na kuivuna kabla majani hayajafunika ardhi. Bamia na nyanya chungu zichukue sehemu iliyobaki. Matembele usiyape tuta kabisa. Yapande kwenye ule ukingo wa sentimita 40 chini ya mwembe, kwa kuwa huvumilia kivuli cha jioni na hukubali kukatwa mara kwa mara, ila ukate mizizi ya mwembe pale kila mwaka isije ikaingia kwenye matuta kufuata maji yako.

Kitalu ndicho kiwanda cha mpango huu wote. Siku unapopandikiza chainizi, miche ya zao litakaloifuata iwe tayari imekwisha kuota kwenye ule ukanda wa kaskazini, katika makopo au trei zenye kivuli chepesi. Mche wa sukuma wiki au wa nyanya hukaa kitaluni wiki nne hivi, na wiki hizo nne ukizitumia kitaluni, ambako miche mingi hukaa ndani ya nusu mita ya mraba, umeliokolea tuta mwezi mzima.

Kuhusu kabichi, karoti na vitunguu nitasema waziwazi kwamba nisingezipanda hapo. Kabichi moja hushika nafasi ya nusu mita kila upande kwa muda wa miezi mitatu ili itoe kichwa kimoja. Vitunguu hukaa zaidi ya hapo, na sokoni hupatikana vikavu vinavyodumu jikoni bila kuharibika. Karoti hupenda baridi kuliko joto la Dar es Salaam. Nafasi yako ipe mboga zinazonyauka njiani kutoka sokoni, ambazo ubora wake hutegemea kuchumwa saa moja kabla ya kupikwa.

Mbezi Juu

Nawashukuru sana, maelezo haya yamebadilisha rasimu yangu yote. Maji ni ya bomba la mgao, hayana chumvi, lakini hayatoki kila siku. Nimebakiwa na mambo mawili. Kwanza, ninaona hoja ya kutobana mimea kwa nusu, lakini mbona mchicha tunausia umebanana na hauna shida? Pili, tunapenda nyanya sana, na tuta la ukutani lenye kichanja linaonekana kana kwamba limetengenezwa kwa ajili yake. Je, ninaweza kupanda nyanya hapo msimu baada ya msimu?

Kihonda

Mchicha unaung'oa ungali mchanga, kabla mimea haijaanza kugombania mwanga, na majani ndiyo mavuno yenyewe. Nyanya na bilinganya ni kinyume chake, kwa kuwa lazima zikomae, zitoe maua, zibebe matunda, na katika muda huo wote majani yanahitaji hewa ya kuyakausha baada ya umande na mvua. Nyanya zilizopandwa kwa sentimita 25 wakati wa masika hazikauki, na ugonjwa wa bakajani huanza kwenye majani ya chini na kupanda juu. Acha sentimita 45 hadi 50 kati ya mche na mche, uchague aina ndefu inayoendelea kukua, kama Money Maker au Anna F1, badala ya aina fupi kama Cal J, kisha uondoe vichipukizi vya pembeni ubakize shina moja au mawili yanayopanda kwenye kamba. Tuta lako la mita 5 litachukua miche 10, na hiyo ikitunzwa vizuri ni nyanya nyingi kwa nyumba moja.

Kumbuka pia kwamba Desemba kivuli cha uzio saa sita mchana hufunika upana wote wa tuta hilo kwenye usawa wa ardhi. Mmea unaopanda hutoka kivulini ukifika kimo cha mita moja, lakini chochote kifupi hapo hakitafanya vizuri. Miezi ya kusi, kwa upande mwingine, uzio huo huo utakukingia upepo.

Usa River

Naongeza kwamba jibu la swali la pili ni hapana. Nyanya, nyanya chungu, bilinganya, pilipili hoho, viazi mviringo na hata mnafu ni jamii moja, na magonjwa yake hubaki udongoni. Mnyauko bakteria ukishaingia hauna dawa ya kuuponya mmea. Katika kichanga kama chako kuna adui mwingine, minyoo fundo, ambao hutengeneza uvimbe kwenye mizizi na kuushambulia pia mbamia. Kila unapong'oa bamia au nyanya iliyomaliza kuzaa, usiitupe kabla hujatazama mizizi yake, kwani hapo ndipo utakapopata taarifa ya hali ya tuta.

Baada ya nyanya, kichanja hicho kipandishe maharage marefu ya kutambaa au kunde zinazotambaa, kisha matango, na ndipo nyanya zirudi, zikiwa zimekaa mbali na tuta hilo angalau misimu miwili. Nyanya chungu nazo zisihamie hapo katika kipindi hicho, maana itakuwa ni sawa na kuzirudisha nyanya zenyewe. Ukikuta uvimbe kwenye mizizi, Januari au Februari, jua likiwa kali, lowanisha tuta, lifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, uzike kingo zake, na uliache wiki nne hadi sita. Joto linalojifungia humo hupunguza minyoo na mbegu za magugu katika tabaka la juu. Na usiache kuzikagua nyanya kwa ajili ya kantangaze, mdudu aliyeingia Tanzania mwaka 2014 na ambaye viwavi wake huchimba ndani ya majani na matunda. Katika miche 10 unaweza kuyaondoa majani yenye michirizi kwa mkono kila asubuhi, jambo ambalo mwenye ekari hawezi.

Kilifi

Kwa kuwa maji ni ya mgao, hesabu ya pipa ifanywe sasa. Katika siku za joto tenga kama lita 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Mita 15 za mraba zitataka lita 75, yaani ndoo tatu na nusu hadi nne, na tangi la lita 500 litakutosha takribani siku sita. Matandazo yakiwa mazito kiasi hicho hupungua. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, hasa kwenye nyanya, kwa chupa zilizotobolewa na kufukiwa karibu na mizizi au kwa mipira ya matone ukiweza kuinunua. Mbegu za mchicha zilizosiwa leo ndizo pekee zinazohitaji kunyunyiziwa kwa keni juu juu, asubuhi na jioni, mpaka ziote. Tangi liinuliwe juu ya matofali yale ya inchi 6 uliyokuwa unataka kuyatumia kwenye kingo; mita moja ya kimo inatosha kusukuma maji ya matone katika matuta ya mita 5 bila pampu.